Fremu ya hela za zamani nyuma ya Mnara wa Saa, Arusha: nenda, ila usikubali mzee akusugulie sarafu

Watu wanaojua nakusanya hela za zamani wananiuliza kila mara, hapa Chuga wapi unapata vitu vya ukweli, sio vile vya kuwashikisha wazungu wakishuka kwenye gari la safari. Basi naandika mara moja afu ntakuwa nawatumia hii. Kuna fremu ndogo mtaa wa nyuma kutoka Mnara wa Saa, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na bango la juu mpaka leo limeandikwa FUNDI SAA maana mzee mwenyewe ndo alikuwa fundi saa, na bado ukimpelekea saa ya mkono anaitengeneza huku mnaongea. Ile lenzi ya fundi jichoni ndo anaangalia nayo sarafu. Mi nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja aliyokosa ameikosa kihalali kabisa, ntafika huko.

Kilichonifanya niwe mteja ni upangaji wake. Kwingine hivi vitu vinamwagwa tu kwenye bakuli uchambue mwenyewe, bakuli moja utakuta rupia, senti za Kenya, kifungo cha koti na tokeni ya mashine ya kamari. Huyu anapanga kwa mabadiliko. Kila trei ina hela ya kabla na hela ya baada zimelala pamoja, mfalme katoka rais kaingia, rais kapinduliwa sura yake imetolewa, nchi imevunjika vipande viwili kila kimoja na noti zake. Hakuna maelezo yoyote yaliyoandikwa, unaangalia kushoto unaangalia kulia unajitafutia nini kimebadilika, ukikwama ndo unauliza. Nilimuuliza mzee kwanini hupangi kwa nchi kama watu wengine, akacheka, "binti yangu, nikipanga kwa nchi hii Zaire nikaiweke wapi?" Maana Zaire siku hizi ndo Kongo.

Anza na trei ya Afrika Mashariki hata kama umekuja kutafuta kitu kingine. Ile Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, waliokuwa wanatoa hela ya huku enzi za Mwingereza, iliundwa 1919, ofisi London, na shilingi ilipoingia 1921 ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar wakaacha rupia yao wakaingia 1936. Sasa kwenye hiyo trei kuna senti kumi yenye tundu ya 1936, pana kuliko sarafu yetu ya mia ya sasa, shaba imeiva mpaka imekuwa rangi ya kahawa. Ukiishika uangalie juu ya tundu kuna taji, na jina limezunguka, EDWARDVS VIII. Huyu ndo yule mfalme aliyeingia Januari 1936 na Desemba hiyo hiyo akaachia kiti ili amuoe yule mama Mmarekani aliyekuwa ameshaachika. Kwao Uingereza hakukaa muda wa kutosha sarafu zenye sura yake zikaingia mtaani, ila sarafu zetu hizi zina tundu katikati, hazihitaji sura, ni jina tu, kwaio zikatengenezwa zikaletwa huku zikatumika kununulia chumvi na mafuta ya taa. Yaani bibi yangu kule Machame inawezekana kabisa alishika hela ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakuwahi kuwa na hela yake mfukoni. Na sio adimu! Mzee alianzia elfu kumi nikaishia elfu sita. Angalia chini kama kuna herufi H au KN, hizo ni alama za viwanda vya Birmingham, ikiwa haina herufi imetoka London. Ukiwa na roho ya kukusanya utazitaka zote tatu na hapo ndo mkwanja unaanza kwenda.

Pembeni yake kuna shilingi za simba za George wa Sita, aliyepokea kile kiti, na hapa mzee anapenda kukujaribu, anakupa mbili anakwambia sema tofauti. Ya kwanza ya 1942 imeandikwa kwa Kilatini kwamba jamaa ni mfalme na pia kaizari wa India. Ya pili ya 1949, India haipo. Wahindi walishajitwalia nchi yao Agosti 1947 na habari ikafika mpaka kwenye shilingi ya kununulia mkate Moshi. Na ile ya 1942 ina fedha robo, kuanzia 1948 hamna fedha tena humo, ni shaba na nikeli. Afu inafuata senti kumi ya 1964, tundu lipo, pembe za ndovu zipo vilevile, ila taji na jina la Malkia havipo tena, pamebaki patupu. Noti za mwaka huo nazo Malkia ametoka, limewekwa jahazi kwenye Ziwa Victoria, nchi tatu ziko huru zinatumia hela moja na hawawezi kuweka rais wa mmoja wao ndo wakaweka jahazi. Miaka miwili tu. Mwezi wa sita 1966 Benki Kuu yetu ikafunguliwa na kila mmoja akashika njia yake. Saivi mji huu huu una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa kurudi kwenye sarafu moja ulisainiwa 2013, ilikuwa iwe 2024 ikasogezwa 2031, mi nilimwambia mzee ahifadhi nafasi kwenye trei akasema yeye hatakuwepo, nimwachie mjukuu wake.

Trei ya Tanzania wengi wanairuka kwasababu wanaona ni hela za nyumbani. Msiruke. Ipo shilingi ya Mwenge, sumni (senti hamsini) ya sungura, senti ishirini ya mbuni, senti tano ya samaki, zote na sura ya Mwalimu kuanzia 1966. Afu Mwalimu akang'atuka 1985 mwenyewe, bila bunduki, na ukifuata trei unaona Mzee Mwinyi anaingia kwenye shilingi ya 1987 na kwenye noti, taratibu, afu enzi za Mkapa zile noti za 1997 zinakuja na twiga, hakuna rais. Toleo la 2003 Mwalimu karudi kwenye buku, safari hii ni marehemu. Karume yuko kwenye mia mbili ya simba na jero ya nyati ya 2014. Linganisha na Kenya ambao katiba yao ya 2010 ilikataza kabisa sura ya mtu kwenye hela, sarafu za 2018 wakaweka twiga, kifaru, simba na tembo, na noti za 2019 wakaweka KICC, lile jengo la mikutano Nairobi, ambalo lina sanamu ya Kenyatta mbele yake, kelele zikaanza upya. Mzee ameziweka hizo mbili, ya sura na ya jengo, kwenye kadi moja.

Hapo hapo kwenye Tanzania kuna kitu cha kujua kabla hujatoa hela. Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti za matoleo ya 1985 mpaka 2003 pamoja na ile jero ya karatasi ya 2010, kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Baada ya hapo ni karatasi tu. Kilichotokea ni kwamba watu walioziotesha ukungu kwenye magodoro wakaanza kumiminika kwa mzee, na wamedanganywa na zile meseji za WhatsApp kwamba noti ya ishirini ya Mwalimu inanunuliwa mamilioni. Nilikuwepo siku moja mama mmoja kaja na bunda la twiga amefunga na raba, anataka milioni mbili. Mzee hakumcheka. Akatoa lenzi akazipitia moja moja, akamuonyesha mikunjo, akamwambia mama, zote zimetumika, nitachukua hizi chache zilizonyooka, hizi nyingine kawape watoto wacheze duka. Akamlipa akaondoka amenuna lakini hakuibiwa. Kwa mnunuzi hii ni neema, noti za twiga na za Mwinyi ziko bei chee, chagua ambayo haijawahi kukunjwa hata mara moja, pembe zake kali, usichukue iliyolegea hata akikupa kwa buku.

Sasa trei za majirani, na kwa mtu anayekaa Arusha hizi ndo zenyewe. Uganda ya Amin, noti za 1973 na lile lijisura lake na nguo za jeshi. Mzee anasema nyingi alizonazo zimetoka kwa familia za askari wetu waliopigana vita vya Kagera, waliingia Kampala Aprili 1979 na wengine wakarudi na noti kama kumbukumbu. Ya kulia yake ni noti ya 1979, sehemu ile ile aliyokuwa Amin limewekwa jengo la Benki ya Uganda. Kama vile mtu kahama nyumba wakaacha mlango. Mi hii jozi nimenunua na siiuzi.

Zaire ndo yenye maneno. Rais wao Mobutu alipokimbia Mei 1997, noti zenye kichwa chake zilitobolewa kile kichwa kikatolewa, zikaendelea kutumika na tundu hivyo hivyo, mpaka faranga ya Kongo ikaja 1998. Mzee anazo na tundu na anazo nzima, na ya tundu anauza zaidi ya mara tatu ya nzima. Hapa mi nawaambia nunueni nzima. Tundu hata mi naweza kulitoboa jioni hii kwa mashine ya ofisini, nani atajua? Ukitaka kweli ya tundu basi angalia ukingo wa tundu kwa lenzi, uchafu wa ukingo ulingane na uchafu wa noti yenyewe, ukiona noti imekuwa kahawia ila tundu lina nyuzi nyeupe jua hilo limetobolewa juzi. Nilimwambia hivyo mzee mbele ya mteja mwingine na hakukasirika, akasema kweli binti, mi mwenyewe nimezinunua zikiwa hivi siwezi kukuapia. Muuza vitu vya kale anayekubali hadharani kwamba hajui, mnipe wa pili.

Rwanda kaiweka trei ya chini kabisa, hakuoneshi mpaka uombe. Serikali iliyoanguka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, ilikimbilia Zaire na mabunda ya hela, iliyoingia ikatoa noti mpya na kuzifuta zile. Ana ya kabla na ana ya baada. Na makubaliano ya amani yaliyokuwa yazuie hayo yote yalisainiwa hapa hapa Arusha Agosti 1993, na baadae mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji hayo ikakaa hapa hapa kwenye jengo la mikutano la AICC mpaka mwisho wa 2015. Wale wafanyakazi wa mahakama walitoka nchi kila pembe, wakiondoka walikuwa wanaachia madereva na madada wa nyumbani mikebe ya sarafu, na mikebe mingi mzee anasema imeishia kwake. Hii trei hapigi stori kama zile nyingine. Anakupa, unaangalia, unarudisha au unalipa.

Wengi mtauliza hela za enzi za Mjerumani. Ipo rupia yenye Kaizari Wilhelm na kofia yake yenye sanamu ya tai, zipo heller (ndo senti za hiyo rupia) kibao za bei rahisi, na zipo zile za Tabora 1916 ambazo mi ndo napenda kuliko, wakati wa vita Mjerumani kazingirwa hapati sarafu kutoka kwao akaanza kugonga zake kwenye karakana ya reli, heller ishirini za shaba zimepinda maandishi hayako sawa, utafikiri imetengenezwa na fundi wa sufuria, na herufi T ya Tabora. Ya kweli iliyochakaa anauza kwenye laki na mi naona ni halali. Kuna pia ile ya dhahabu ya rupia kumi na tano yenye tembo mbele ya mlima, anayo moja kwenye kioo na ameandika kwa kalamu nyekundu COPY. Jamani, ya kweli ni hela ya kununulia bodaboda mpya na chenji inabaki, ukiletewa mtaani na kijana anasema babu yake aliichimbua kule kwenye mgodi wa dhahabu wa Sekenke akuuzie laki mbili, mwache na dhahabu yake.

Noti ya Zimbabwe ya trilioni mia sina mengi, zile sifuri kumi na nne kila mtu anazijua, ilitoka Januari 2009 na mwezi wa nne tu ile dola ikaachwa. Kwa sababu kila mtalii anaitaka bei imepanda kijinga na za bandia zimejaa. Bilioni na milioni za mwaka 2008 ana lundo, picha ni ya mawe yale yale yaliyopangana, robo ya bei, chukua hizo.

Kitu ambacho hamtakipata duka lingine ni boksi la wapagazi. Wageni wakishuka Kilimanjaro wanawapa wapagazi bakshishi na sarafu za kwao humo humo, na bureau hawabadilishi sarafu, noti tu. Kwaio kuna vijana Moshi wanazikusanya wanamletea mzee kwa kilo, ndo unakuta humo zloti, koruna, euro za Estonia, na siku nyingine kitu kama pfennig (senti) ya Ujerumani Mashariki, nyundo na bikari ndani ya duara la ngano, ya alumini nyepesi ukiipuliza inataka kuruka, nchi yenyewe iliacha hela yake tarehe 1 Julai 1990. Hiyo sidhani ilitoka mlimani, nadhani imevuka kutoka Zanzibar, maana Wajerumani hao ndo waliojenga zile fleti za Unguja baada ya mapinduzi. Boksi lote ni buku kwa kila sarafu, chagua mwenyewe, na kama una mtoto muanzishie hapo.

Haya, nyota iliyopotea. Mzee anasugua. Ni fundi saa, amezoea kitu kikitoka kwake king'ae, kwaio ukinunua sarafu anataka akuoshee na Brasso, ile dawa ya kung'arishia vyuma, na zile za shaba anazipitisha kwenye ndimu na chumvi, anafanya kwa upendo kabisa, anaona anakuongezea zawadi. Anaua bei. Sarafu ya shaba ile rangi yake ya kahawa ndo ngozi yake, ukiitoa haitarudi, na mkusanyaji yeyote makini akiiona inang'aa kama bomba la beseni anairudisha mezani. Kuna pysa za Zanzibar pale, sarafu za shaba, zile za Sultan Barghash zenye mizani, karibu zote zishaoshwa, nilitaka kulia. Nimemwambia kwa heshima, mzee naomba zangu usiziguse, akashangaa, akasema basi wewe unapenda chafu. Siku hizi nikiingia tu anazificha zangu pembeni kwenye bahasha ameandika CHAFU. Nyie mwambieni mapema kabla hajafungua kopo.

Pili, zile plastiki laini anazowekea noti, zinazonuka kama pazia la bafu jipya, zinatoa mafuta yanayoganda kwenye noti na kwenye shaba zinaleta ukijani. Lipia kitu chako ukifika nyumbani kitoe humo, weka kwenye bahasha ya karatasi au albamu nzuri. Tatu, bei haijaandikwa popote, na inategemea umeingiaje, ukiingia na begi la mgongoni na kofia ya safari unaanzia mbali. Zamani alikuwa anawatajia wageni dola, saivi kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni na ameandika kwenye kadibodi SHILINGI TU, jambo jema, lakini kiwango bado ni kile kile cha wageni kimebadilishwa tu. Salimia kwanza, mpe shikamoo yake vizuri, ulizia saa yake ya ukutani inayochelewa, afu ndo uulize bei. Usitaje ya kwako kwanza.

Anafungua kama saa nne, mchana anafunga kwenda kuswali na kula, Ijumaa mchana usijisumbue, jumapili anategemea. Cash au lipa namba, kadi hamna. Risiti ukiomba anakuandikia kwa mkono kwenye kitabu cha fundi saa, mi yangu ya noti za Amin imeandikwa "kubadilisha betri". Noti za Sudan Kusini za 2011 zenye sura ya Garang, mpigania uhuru wao, bado hana nzuri, ameniahidi kuna dereva wa malori anayetokea Juba atamletea, kwaio zikifika hizo zina mwenyewe, msije mkaniwahi.